Njia Isiyo na Lori la Kushika

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni kwa kuitikia kwa nguvu, maana najua pilau lilikuwa zito. Wageni wetu mlioendesha gari kutoka mji wa Katy tangu alfajiri, karibuni hapa kwetu Fort Worth, Texas ni ileile. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba niwaeleze jinsi Mungu alivyoniinua baada ya kugongwa na lori. Nitaeleza. Ila katika maneno yake kuna jambo moja nitalirekebisha nikilifikia, mnivumilie.

Kwanza niwarudishe nyumbani kidogo. Warundi mlio hapa mnaijua barabara ya kutoka Bugarama kushuka Bujumbura. Wengine, fikirieni mlima mrefu wa kona tupu. Mimi nilikuwa mbeba ndizi. Asubuhi unashuka na mikungu nyuma ya baiskeli, na breki yako ni soli ya kiatu. Mchana unarudi mtupu. Nasema unarudi, lakini hakuna aliyekuwa akipanda. Unasubiri kwenye kona mpaka lori lipunguze mwendo, unashika chuma chake cha nyuma, linakuvuta mpaka juu. Miaka tisa nimefanya kazi ile na sikuwahi kuupanda mlima ule kwa nguvu zangu. Kiganja changu cha kushoto kilikuwa na mstari mweusi wa grisi na kutu, hautoki kwa sabuni yoyote. Nilipomchumbia mke wangu, alikicheka kwanza kiganja, ndipo akanitazama usoni.

Halafu ikaja vita, ikaja kambi Tanzania, ikaja ndege ya kutuleta huku Marekani. Hayo mnayajua, wengi wenu mlipanda ndege hiyohiyo.

Mwaka 2017 nilikuwa nafanya kazi weahausi, ghala la bidhaa, napanga maboksi. Leseni ya gari nilikuwa nimeshindwa mara mbili, basi nikawa naenda kazini kwa baiskeli. Mnacheka. Mnajua Texas mtu mzima akionekana barabarani kwa baiskeli watu wanamwonea huruma, wanadhani amenyang'anywa gari. Njiani palikuwa na daraja linalopita juu ya barabara kuu, lina mwinuko. Asubuhi moja nilikuwa nimechelewa. Likanipita lori la mbao, taratibu, chuma chake cha nyuma kikiwa sawasawa na bega langu.

Ndugu zangu, nawaambia leo: hakuna lori lililonigonga. Mimi ndiye niliyelishika.

Lori la nyumbani likipanda ni kama ng'ombe mzee. Hili lilifika katikati ya daraja, dereva akakanyaga mafuta, na mkono wangu haukuachia kwa wakati. Niliokotwa pembeni ya ukingo, nyonga imevunjika na mfupa wa bega pia. Dereva hakujua lolote, akaenda zake. Mama mmoja Mmarekani akasimamisha gari, akaniinamia akauliza kama nimegongwa. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa kifupi, na jibu fupi kuliko yote lilikuwa "yes".

Jibu lile ndilo lililonilaza chini muda mrefu kuliko nyonga. Mlikuja hospitali mkiwa wengi hata muuguzi akauliza kama mimi ni chifu. Mkasali. Mkamwombea yule dereva mkatili atubu, akose usingizi. Mimi nimelala pale naitikia amina.

Daktari alisema baada ya miezi sita nitatembea vizuri, na kweli nilitembea. Lakini nilikuwa nimegundua kwamba neno "niligongwa" linafungua kila mlango. Kurudi kazini? Siwezi, niligongwa. Kujaribu leseni tena? Niligongwa. Kupeleka watoto shule kwa miguu, mtaa wa pili tu? Jamani, niligongwa. Sikuwa naigiza tu, hofu ilikuwepo. Nikisikia lori kubwa jasho linanitoka. Ila hofu ile nilikuwa naitunza vizuri kama mtu anayefuga kuku.

Mke wangu akajifunza gari, akapata leseni mara ya kwanza. Alikuwa anafanya usafi hotelini karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa anatoka kazini, anachukua watoto, ananipeleka kwenye mazoezi ya viungo, anapika, anarudi kwa zamu nyingine. Siku moja akaniuliza, "Mimi nita-drive peke yangu mpaka lini?" Binti yetu ndiye aliyejibu kutoka chumbani, kwa Kiingereza, "He's fine, Mom," yaani baba ni mzima. Nikamkaripia mtoto.

Nilikuwa nampoteza mke wangu, ndugu zangu. Hakusema ataondoka. Aliacha tu kunisimulia siku yake ilivyokwenda.

Kiangazi cha 2019 dada yangu mkubwa, anayeishi Ufaransa, alinipigia simu. Mjukuu wake anabatizwa, nije niwe baba wa ubatizo. Mke wangu akaniandalia begi haraka haraka. Nadhani alihitaji kupumzika.

Ubatizo ulipokwisha, dada akanionyesha baiskeli mbili zenye mifuko ubavuni. Ana miaka sitini na miwili na goti moja bovu. Akasema, "Tunakwenda siku tatu, mimi na wewe." Nikamwambia niligongwa. Akasema, "Huko hakuna magari."

Sikumwamini. Lakini ni kweli. Kuna mto unapita katikati ya vilima vya kijani, na kando yake palikuwa na reli ya zamani. Waling'oa vyuma, wakatengeneza njia ya watu tu: baiskeli, wazee wanaotembea na mbwa, watoto. Kila inapokutana na barabara wameweka vizuizi vya mbao gari lisiingie. Unapita juu ya madaraja ya chuma yaliyokuwa ya treni, chini maji, ng'ombe wamelala chini ya mitufaha. Stesheni za zamani zimekuwa nyumba, watu wameanika nguo pale abiria walipokuwa wanasubiri.

Siku ya kwanza niligeuza shingo kutazama nyuma mpaka ikauma. Nyuma hapakuwa na kitu. Bata walivuka njia, nikashuka nikasimama. Dada akaniambia, "Bugarama nzima ilikujua, leo unawapisha bata?" Akaenda mbele, akanisubiri kwenye benchi akila mkate.

Siku ya pili jioni jua lilikuwa bado juu. Tulitoka kwenye njia ile kwenda tulikolala, nyumba ya mkulima juu ya kilima. Kichochoro chembamba, mwinuko mkali, kama kilomita moja. Miguu ikaanza kutetemeka. Nikasikia injini nyuma yangu. Lilikuwa trekta la mwenye nyumba, likivuta tela la nyasi, linapanda polepole. Likanipita. Na kwenye tela, usawa wa bega langu, kulikuwa na chuma.

Mkono ukanyanyuka wenyewe. Sikuutuma. Vidole vikagusa chuma kile, kikiwa cha moto kwa jua, na nyonga yangu ikauma kama siku ileile. Nikauvuta mkono, nikaangukia kwenye majani.

Dada alikuwa nyuma, ameona yote. Akaweka baiskeli chini, akaja kunitazama. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kule Texas lilikugonga, au ulilishika?"

Nikasema, "Nililishika."

Nililia pale kama mtoto, sitawaficha. Yeye hakunibembeleza. Alipangusa majani kwenye shati langu, akasema, "Doucement, polepole. Ukichoka, shuka usukume, hakuna aliyekukataza. Twende, supu inapoa." Nikasukuma baiskeli mpaka juu. Ulikuwa mlima wa kwanza maishani niliopanda na baiskeli bila kuvutwa na mtu. Na nikisukuma nikawa namfikiria mke wangu, jinsi nilivyomshika kwa nyuma miaka miwili na yeye anapanda.

Nikarudi. Akanipokea uwanja wa ndege. Tulipoingia kwenye gari nikamwambia asiwashe kwanza. Nikamwambia yote. Akaweka mikono kwenye usukani. Halafu akasema, "Nilikuosha mkono hospitali."

Sikuelewa. Akaniambia, "Wa kushoto. Ulikuwa na mstari mweusi palepale, kama wakati tulipooana. Nilijua kabla hujaamka."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Ningesema nini, na wewe umevunjika? Nikangoja upone. Ukapona, nikangoja useme. Halafu nikachoka, nikabaki na hasira zangu jikoni." Akawasha gari. Tukiwa njiani akaanza kunisimulia siku yake ilivyokwenda, na mimi nikageukia dirishani ili asione uso wangu.

Nimerudi kazini. Leseni nilishindwa tena mara moja, mwezi wa kumi na moja nikapata. Siyo kwamba hofu imekwisha. Lori likinipita kwenye barabara kuu bado napunguza mwendo na kuomba.

Sasa shukrani. Nyinyi mliowapa watoto wangu lifti bila kuchoka, na mimi nimekaa kwenye kochi na miguu miwili mizima, asanteni, na nisameheni. Daktari na yule binti wa mazoezi ya viungo, Mungu awalipe. Dada yangu, najua utasikilizishwa hii kwenye simu: goti lako lipone. Na yule dereva wa mbao, tuliyemwombea akose usingizi, naomba tumwombee upya, alale vizuri. Hakukosea kitu.

Funzo langu ni dogo. Kuna mtu hapa ameshika kitu kinachomvuta, pengine ni uongo, pengine ni mgongo wa mtu wa nyumbani kwake. Kiachie wakati bado kinakwenda polepole. Utapanda kwa kusukuma, na utafika umechelewa, lakini supu utaikuta.

Nimemaliza. Mke wangu, najua leo umetoka zamu ya asubuhi. Chukua koti lako. Funguo ninazo mimi, wewe kaa upande wa abiria ulale.