Gambuti za Lokwang

"Weka chini hiyo mafuta, Lokiru! Weka chini nasema!"

"Ni gambuti ya ndugu yangu! Nitapaka!"

"Utaiua!"

"Mimi niue gambuti? Shemeji, unanitukana mbele ya watu!"

Wasikilizaji wapendwa, ejok, hamjambo. Msigonge redio zenu, hazijaharibika. Hizo kelele nilizinasa kwa kaseti Jumamosi iliyopita hapa Lodwar, mtaa wa Nawoitorong, nyumbani kwa marehemu Lokwang. Huyo anayefoka ni mjane wake, Mama Akai. Anayejibu ni Lokiru, mdogo wa marehemu, mchungaji wa mbuzi kutoka Nakalale, na mkononi ameshika kopo la mafuta ya kondoo. Nyumba imejaa waombolezaji. Mimi niko katikati na rekoda, sijui nicheke ama nilie.

Leo tunamkumbuka Lokwang. Lokwang, fundi wa gambuti. Kama umewahi kuvua samaki mtoni Turkwel ama kule ziwani Kalokol, na ukarudi nyumbani na vidole vyote kumi vya miguu, basi pengine huyu mzee alikushika kisigino siku moja.

Wasikilizaji, Lokwang hakuzaliwa mtu wa maji. Alikuwa mtu wa mbuzi. Ukame wa mwaka wa tisini na mbili ukamaliza mbuzi zote, akashuka ziwani, akaingia miguu mitupu. Wiki ya kwanza tu akakanyaga mwiba wa kambare. Miezi miwili mguu umevimba! Alipopona akaja Lodwar, akanunua gambuti za mtumba, zile buti ndefu za mpira za kufika mapajani. Akazipenda sana.

Sasa niambieni. Mturkana akipenda kiatu chake, anakifanyia nini? Si anakipaka mafuta? Ngozi yote ya nyumbani inapakwa mafuta ya kondoo, mkanda, kiti, kila kitu. Lokwang naye akapaka. Akapaka ndani, akapaka nje, akalala na furaha.

Asubuhi gambuti ni moja. Ile nyingine imeenda na fisi.

Mama Akai aliniambia hivi: "Alifuata alama mpaka huko mlimani. Akarudi na kipande cha soli tu. Akakaa chini, akacheka mpaka nikaogopa. Nikamwambia, baba, umeharibikiwa? Akaniambia, Akai, fisi amekuwa mvuvi."

Na ile gambuti moja iliyobaki haikudumu. Mafuta yaliulainisha mpira, ukavimba, ukapasuka. Hapo ndipo Lokwang alijua: ngozi inataka mafuta, mpira hautaki. Akaitundika hiyo moja ukutani, juu ya mlango. Bado iko hapo. Halafu akaanza kazi ya kuuza gambuti na kuzibandika viraka, ili mwenzake asilishe fisi.

Sasa, kununua gambuti kwa Lokwang haikuwa mchezo. Ukija asubuhi, anakufukuza. "Rudi saa kumi. Mguu ya asubuhi ni mwongo, bado haijavimba." Ukimtuma mtu akununulie, anakataa. Lazima mguu uje wenyewe. Unavaa soksi, unavaa gambuti, unachuchumaa mara tatu kama mtu anavuta wavu. Halafu anakupeleka nyuma ya nyumba, kwenye matope. Matope ikibaki na gambuti, ni kubwa. Halafu anakuambia, "Haya, itoe kwa teke moja." Teke moja tu! Ikikataa kutoka, hauziwi, hata ulie. Alikuwa anasema, maji ikijaa ndani ya gambuti, hautapata nafasi ya kuomba msaada.

Na kutunza? Osha na maji safi, kwa sababu maji ya ziwa ina magadi. Pindua juu ya fimbo. Kung'uta asubuhi, nge wanapenda nyumba ya bure. Na usiweke juani. Jua la Lodwar linakula mpira kuliko fisi! Ndiyo maana mlango wa Lokwang ulikuwa unafungwa siku nzima, na wewe ukiingia ukiuacha wazi, hata kama umekuja kumwambia amezaa mapacha, jibu ni moja: "Mlango!"

Nimesema Lokwang, fundi wa gambuti. Sasa niwaambie habari ya Aguer.

Aguer ni mkimbizi wa Sudan, anauza samaki mkavu pale kambini Kakuma. Alikuja kwa Lokwang mwaka wa tisini na nne, mrefu kama mlingoti. Maneno yake ya kwanza yalikuwa matusi. "Nyinyi Waturkana mnaogopa samaki mpaka mnamvalia viatu? Sisi kwetu tunaingia mtoni na miguu ya mama alitupa."

Lokwang akamwangalia miguu. "Na hiyo kidonda pia ni mama alikupa?"

Watu wakacheka, Aguer mwenyewe akacheka. Akataka gambuti hapo hapo. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Akafukuzwa. Akarudi saa kumi, akachagua kubwa. Akakatazwa. Alirudi siku tatu, wasikilizaji! Siku ya nne ndiyo Lokwang alipata zinazomtosha. Wakawa marafiki wa kutukanana kila wiki.

Halafu ikaja ile mvua ya tisini na saba, mnaikumbuka. Turkwel ilishuka na miti mizima. Aguer alikuwa amesimama majini na wavu, maji yakampita kiuno, gambuti zikajaa. Akapiga teke moja, ya kulia ikaenda. Teke lingine, ya kushoto ikaenda. Akatoka ng'ambo miguu mitupu, anatetemeka. Moja kwa moja mpaka kwa Lokwang. "Mzee, nimepoteza gambuti zako."

Lokwang akamshika mabega, akamgeuza mbele, akamgeuza nyuma. Akasema, "Hizo ndizo nilikuuzia vizuri kabisa."

Mwezi uliopita Lokwang akaugua. Akamwambia Mama Akai, "Zile zangu za kijani, ni za yule ambaye hatazama majini nazo." Akalala, hakuamka. Zile za kijani ndizo gambuti zake mwenyewe, nzima, za mwisho.

Ndipo ikaja Jumamosi. Mama Akai anasema huyo asiyezama ni Aguer. Lokiru anasema vitu vya ndugu ni vya ndugu, hawezi kuona zinaenda Kakuma na mgeni. Na kwa heshima ya kaka yake, anataka kuzipaka mafuta. Hajui habari ya fisi! Hakuwahi kuambiwa, kaka yake aliona aibu. Aguer yuko kona, amevaa shati la kanisani.

Mama Akai akamnyang'anya Lokiru lile kopo. "Ni saa kumi," akasema. "Leteni miguu."

Lokiru akavaa kwanza. Akasukuma, akasukuma, zikaingia. Akachuchumaa, macho yakamtoka. "Sasa teke moja," shemeji yake akamwambia. Akapiga teke. Hakuna. Akapiga lingine, akaanguka chali. Gambuti iko pale pale! Watu wawili wakavuta mguu, mmoja akamshika kwapani, mpaka zikatoka, na bibi mmoja aliyekuwa analia tangu asubuhi akacheka mpaka akaomba maji.

Akavaa Aguer. Akachuchumaa mara tatu. Akapiga teke moja, gambuti ikaruka, ikaangusha kopo la mafuta.

Lokiru yuko chini, anajifuta jasho. Akainua macho, akaiona ile gambuti juu ya mlango. "Na hiyo moja ni ya nani?"

Mama Akai akamweleza. Mafuta, fisi, kila kitu. Lokiru akatazama mikono yake inayong'aa mafuta. Akaanza kucheka, kumbe analia. "Basi nipeni hiyo. Hiyo tunafanana."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Akai, kwa Lokiru, kwa wote wa Nawoitorong na Nakalale, poleni sana kutoka kwetu sisi wote wa kipindi hiki. Na wewe unayesikiliza, tafakari kidogo: nani alikukatalia kitu kibaya siku ulikuwa unakitaka sana? Kama bado yuko hai, mpelekee chai.

Kaseti yangu inaishia hapa. Nyumba bado imejaa. Mlango umekuwa wazi tangu asubuhi kwa sababu ya msiba, jua limeingia mpaka katikati ya sakafu, na hakuna aliyekumbuka. Aguer anaaga, gambuti za kijani miguuni. Msikilizeni. Kwap, kwap, kwap, anatoka.

Na mlango, anaufunga.