Dada Yetu, Msomaji wa Damu

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mdogo wake, seremala, anayewasomea maneno haya.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1985. Mwaka 1990 aliajiriwa hospitali kuosha vyupa vya maabara. Vyupa vikikauka, yeye alikuwa anachungulia kwenye darubini, mpaka mkuu wa maabara akamwambia, "Wewe binti, ama uache kuchungulia, ama ukasome." Akaenda kusoma miaka miwili, akarudi na cheti.

Kazi yake ilikuwa kupaka tone la damu kwenye kioo chembamba na kutafuta ugonjwa ndani yake. Kabla ya kusoma alifunika jina la mgonjwa kwa kipande cha karatasi. Alisema jina linayapotosha macho. Mwaka 2003 daktari bingwa alimjia juu: "Mama, mashine imesema damu hii ni safi."

"Mashine haijaona, daktari. Vuta kiti."

Daktari alikaa karibu saa nzima, akaona. Tangu hapo damu zilizowashinda wengine zilitoka hospitali nne kuja mezani kwake, na madaktari wakamwita Jicho. Wakampa wanafunzi awafundishe, yeye asiye na digrii.

Aliolewa tarehe 17 Desemba 1994 na fundi umeme. Shemeji anasema mwaka ule wa kwanza kila mara alimwuliza, "Mke wangu, unaniangalia au unanihesabu?" Walijaliwa binti na mvulana.

Novemba 2023 alianza kuchoka bila sababu. Wanafunzi wake walimtoa damu, wakaisoma, wakabishana. Damu yenye ubishi ilikuwa lazima ifike kwake. Basi wakaiweka kati ya nyingine, jina wamelifunika.

Tarehe 21 asubuhi mdogo wake alikuwa mle maabara, amekuja kufunga rafu. Alimwona dada akisoma kile kioo bila haraka. Dada akaandika saratani ya damu, akasaini, akabandua karatasi iliyofunika jina.

"Nani mwingine ameisoma hii?"

"Sisi sote, mama," akajibu binti mmoja, analia.

"Mkaona nini?"

"Hivyo hivyo."

"Sasa mbona hamkuandika?"

Dada akamgeukia mdogo wake. "Endelea na rafu, baba."

Akaendelea. Alipiga misumari yote mpaka ikaisha. Hakujua afanye nini kingine.

Dada alitibiwa miezi sita. Kila wiki damu yake ilisomwa na wanafunzi wale wale, kwa amri yake. "Andikeni mnachokiona," aliwaambia, "si mnachokitaka." Tarehe 30 Mei yule binti aliyelia alimletea majibu kitandani, akamsomea kwa sauti, hakuruka neno.

"Una uhakika?" dada akauliza.

"Nina uhakika, mama."

"Haya. Saini."

Alifariki Jumapili tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 57. Majibu ya yule binti hayakuwa na kosa.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, mdogo wake, na wanafunzi kumi na mmoja ambao sasa ndio wanaoletewa damu zilizowashinda wengine. Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani.