Siku Tuliyoivalisha Nyumba Sweta

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wazee mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnapita tu, nawasalimu. Mwenyekiti ameniambia niongee mpaka chai ichemke. Nimeangalia kule nje nikaona makaa hayajashika, kwa hivyo nina muda.

Nataka kuwaambia vile nyumba yangu ilikaribia kuninyang'anya mtoto, na vile nyumba hiyo hiyo ikamlea. Sitataja jina la mtu. Lakini baadhi yenu mlikuwepo, na mkianza kucheka wenzenu watawajua.

Mwaka wa tisini na nne tulikuwa tunakaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, upande wa Ruiru. Chumba kimoja cha mawe, kuta nene, giza mchana kutwa. Baba watoto alikuwa askari wa usiku kwenye kiwanda huko Thika, na ndoto yake ilikuwa moja tu: nyumba yake mwenyewe. Tulipopata kaploti, kipande kidogo cha ardhi, hapa Kalimoni, alijenga. Kuta mabati, paa mabati, mlango mabati. Iling'aa! Jirani ng'ambo ya barabara alituomba tuiwekee pazia kwa nje, eti jua lilikuwa linatoka kwetu na kumpiga machoni akipika.

Nilihamia pale nikiimba. Hakuna mtu aliyenieleza kitu ambacho sasa nakieleza kila ninapokwenda, kwa hivyo nisikilizeni. Bati ni jembamba. Halina unene wa kulizuia joto lisipite. Jua likiwaka, bati linawaka nalo na kukumwagia joto kichwani. Ukungu ukishuka, bati linapoa mara moja, na joto lote la ndani linapanda juu, linapita pale kati ya ukuta na paa, linakwenda zake. Unabaki umekaa ndani ya sufuria, na si wewe unayeamua kama sufuria iko motoni au majini.

Januari tuliliona la kwanza. Baba watoto akirudi asubuhi kutoka kazini, ilikuwa lazima alale. Saa nne hivi anatoka nje jasho linamtiririka, blanketi mkononi, anakwenda kujilaza chini ya mti wa avokado. Kuku walimzoea. Walikuwa wanapita juu yake kama anavyopita mtu kwenye daraja lake.

Hilo tulilicheka. La pili halikuwa la kucheka. Juni ilipofika nikajifungua kabla ya miezi yangu kutimia. Alikuwa msichana, mdogo hivi, mnaona mkono wangu? Tulikaa hospitalini Thika mpaka akaweza kunyonya. Nesi alinifundisha kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, nijifunge leso juu yake na kumfunika kichwa kofia. Nikaambiwa niende nyumbani, nimlinde na baridi.

Nyumbani ndiko baridi ilikokuwa inakaa. Julai ya huku mnaijua. Asubuhi matone yalikuwa yanatoka kwenye bati na kutuangukia kitandani, mvua ya ndani. Mtoto alilala ngumi amezikunja, miguu baridi kama kijiko. Baba watoto akirudi kutoka kazini alikuwa anamchukua kutoka kifuani kwangu na kumtia ndani ya lile koti lake kubwa la askari, anazunguka naye chumbani akimnong'onezea, "Afande, ripoti ya usiku iko wapi?" Lakini ilifika wakati lazima alale, na mimi lazima nifue, nipike. Tukimlaza tu, anaanza kukohoa.

Alasiri moja ya manyunyu nikaona nimepata dawa. Nikaingiza jiko la makaa ndani, nikafunga mlango, nikaziba dirisha na nguo. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo, na chumba kikapata joto tamu. Ndugu zangu, nawaambia, kile ambacho hukioni ndicho kibaya. Makaa yana sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kilianza kugonga. Nikataka kusimama, miguu ikakataa. Jirani yule wa pazia alikuja kuomba chumvi, akabisha, akaona kimya, akasukuma mlango kwa bega. Alimtoa mtoto kwanza, akarudi akanivuta mimi kwa kwapa mpaka kwenye matope. Naambiwa alikuwa anapiga kelele, "Woi! Woi! Amka, mama, nani atanipa chumvi?"

Tulirudi Thika, sote wawili. Tulipona. Nesi alimsikiliza mtoto kifua, akaniambia polepole, "Mama, huyu anataka joto. Na moto usiingie tena kwenye hicho chumba."

"Sasa nitatoa joto wapi, sister?"

"Hapo," akasema, "hata mimi sijui. Lakini hicho kifua hakitavumilia Agosti ya namna hiyo."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo mawili: joto, bila moto. Niliyageuza nikichota maji, niliyageuza nikikanda unga, na kila nilipoyageuza nilifika kwenye kaburi dogo. Nasema hivyo wazi kwa sababu kuna mama hapa leo ambaye labda anageuza yake.

Jumamosi iliyofuata nikasikia nyimbo barabarani. Nikatoka. Wanawake wa kundi letu walikuwa wanakuja na matega. Kwa wale ambao si wa huku, matega ni mizigo ya kuni ambayo wanawake humletea aliyejifungua, ili moto usizimike nyumbani kwake. Walikuwa wameinama, kamba kwenye vipaji vya nyuso, kuni kavu nzuri, wakapiga vigelegele mlangoni. Na mimi, badala ya kuitikia, nikalia.

Shosho, yaani bibi yetu mzee, aliyekuwa anawaongoza, ambaye ninamwona pale ameshajifunika uso, alitua mzigo wake puu!

"Unalia nini? Ni kidogo?"

"Shosho, siwezi kuziwasha. Nimekatazwa moto ndani."

"Ati nini? Tumevuka mto na kuni mgongoni, mgongo wangu huu, halafu tunaambiwa zimekatazwa?"

"Ni kifua cha mtoto, shosho."

"Sisi sote tulizaliwa kwa moshi!"

"Na kukohoa pia tunakohoa sote," mwingine akasema kutoka nyuma. Wakacheka, halafu wakamwangalia mtoto kwenye leso yangu, wakaacha kucheka.

Tukaingia ndani, tukabanana. Wakafanya kile ambacho wanawake hufanya: wakagawa uji. Shosho alikuwa ameubeba kwenye kikapu kikubwa. Ndani ya kikapu kulikuwa na magunia yaliyokunjwa, ndani ya magunia blanketi kuukuu, na katikati sufuria iliyofunikwa. Ni kitu alichojifunza kwenye mafunzo ya akina mama: unachemsha chakula, unakitoa motoni, unakifungia kwenye kikapu, kinaendelea kuiva chenyewe na makaa yanabaki kwenye debe.

Akanipa kikombe. Nilikuwa na mawazo mengi, nikapiga funda kubwa, nikaungua ulimi.

"Shosho! Uji huu umechemshwa saa ngapi?"

"Alfajiri. Kabla sijafunga kuni."

Saa hizo ilikuwa karibu saa sita. Nilikitazama kile kikombe kikitoa mvuke. Nikazitazama zile kuni zimelala nje kwenye manyunyu. Nikasema, sijui nilikuwa namwambia nani, "Uji hauna moto chini yake. Hauna moto na uko moto."

"Ni kikapu," shosho akasema, kama mtu anayemweleza mtoto. "Joto lilikuwa ndani tayari. Kikapu kimelikataza tu kutoka."

Halafu yule jirani wa chumvi akainua macho taratibu, akaangalia paa, akaangalia kuta. "Sasa si sisi ndio uji?" akasema. "Na hii nyumba ni sufuria tupu. Haina kikapu."

Ndugu zangu, hapo ndipo maisha yangu yaligeuka, kwa ulimi ulioungua.

Shosho alisimama. "Bebeni kuni," akasema. "Nani anataka kuni kuliko huyu?" Sote tulijua: mwenye hoteli pale sokoni, ambaye hukaanga mandazi kwa kuni, na ambaye stoo yake ilikuwa imejaa magunia matupu na makatoni. Matega yakarudi barabarani, na nyimbo juu yake.

Mwenye hoteli akatoka na mwiko mkononi. "Nyinyi mnauza kuni ama mnaandamana?"

"Tunabadilisha," shosho akasema. "Kuni hizi zote, kwa magunia yako na makatoni."

"Magunia ya kuweka nini?"

"Ya kuweka mtoto."

Aliangalia kuni, akaona ni kavu, akaingia stoo. Alitoa mpaka yale aliyokuwa anakalia.

Sasa nieleze tulivyofanya, polepole, maana najua kuna wanaotaka kujaribu. Tulichagua magunia ya katani, si ya nailoni. Tukayafua, na siku mbili jua likatuhurumia. Tukayashona pamoja kwa sindano ya gunia mpaka yakawa shuka moja kubwa. Tukalitandaza kutoka ukuta hadi ukuta chini ya paa, tukalivuta likakaza kama ngozi ya ngoma, tukaligongea misumari kwenye mbao. Juu yake tukapaka chokaa nzito ili vitundu vizibe na kuwe na mwanga. Hiyo ndiyo silingi, dari yetu. Kati yake na bati kuna hewa iliyotulia, na hewa ikitulia ni blanketi. Kuta tukazibandika katoni tabaka mbili kwa uji wa unga wa ngano, na ule upenyo wa chini ya paa tukauziba kwa vitambaa. Kuna aliyetaka tujaze majani makavu katikati. Tukamuuliza kama anataka kumfugia mtoto panya.

Lakini tuliacha kidirisha kidogo cha juu wazi, usiku na mchana, kwa sababu mtu lazima apumue. Na jiko lilihamia kibandani nje, moja kwa moja. Magunia na katoni hushika moto upesi, na taa ya koroboi nayo haina kazi karibu na ukuta.

Baba watoto alitukuta katikati ya kazi. Alikuwa ametoka zamu, koti begani. Alisimama mlangoni akatazama nyumba yake inayong'aa ikivalishwa matambara.

"Mama," akaniambia, "nimejenga nyumba ya mabati watu waone mabati. Sasa wageni wataona nini, sukari kilo hamsini?" Maana gunia moja lilikuwa bado na maandishi.

Shosho alikuwa juu ya meza, misumari mdomoni. Akaitoa. "Baba, wewe unavaa hilo koti kwa nini? Si una shati?"

"Baridi ya usiku, shosho."

"Basi shati hata liking'aa halitoshi. Nipe nyundo hiyo."

Akampa. Baadaye kidogo nikamwona ametundika koti na kupanda meza yeye mwenyewe.

Tulimaliza jua likizama. Wanawake wakaenda. Tulikuwa watu watatu tu chumbani, hakuna kaa hata moja, chupa moja ya maji moto imefungwa kwenye fulana na kuwekwa mbali kidogo na mtoto. Nilimlaza nikakaa kumwangalia. Ukungu ulishuka nje, niliusikia kwa bati linavyolia likipoa. Ndani hakukupoa. Nilimgusa mguu. Halafu nikamwita baba watoto, ambaye alikuwa anavaa aende kazini.

"Njoo uone."

Mtoto alikuwa amefungua ngumi. Vidole vyote vimelegea juu ya blanketi, kama mtu aliyefika. Baba watoto alimwangalia mpaka akachelewa zamu. Akasema, "Afande ametoa ripoti."

Agosti ilikuja na ikapita. Kifua kilitulia. Ikaja Januari, na kile kilichozuia joto lisitoke kikazuia jua lisiingie. Baba watoto alilala ndani mpaka saa nane, na nawaambia kweli, kuku walizunguka ule mti wa avokado wakimtafuta.

Nashukuru Mungu. Namshukuru yule wa chumvi, bega lake halijawahi kupona vizuri na bado analitumia kunikumbusha. Nesi aliyekubali kusema hajui, namshukuru, maana angenidanganya ningeacha kutafuta. Mwenye hoteli, mandazi yako ni madogo lakini moyo wako ni mkubwa. Na wewe shosho, jifunue uso. Kuni zako hazikuwaka kwangu na zilinipa joto kuliko kuni zote.

Somo langu ni dogo. Tukisikia baridi tunakimbilia kuongeza moto. Kaa kwanza uangalie joto ulilonalo linatorokea wapi, uzibe hapo. Na kwa mama yule ninayesema anageuza mawazo peke yake: fungua mlango. Sisi tutakuja na kitu ambacho si hicho unachotaka, na tutakikalia pamoja mpaka kiwe hicho.

Naona chai imechemka. Lakini niwaambie la jana. Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya kuuma masikio, na binti yangu yuko mlangoni anataka kwenda shule ya chekechea na kigauni kitupu. Nikamwambia, "Rudi uvae sweta!"

Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Mama," akasema, "kwani nyumba si imevaa?"

Akatoka mbio. Na mimi, niliyekuwa nahesabu pumzi zake, nikamkimbiza na sweta mkononi mpaka barabarani, na sikumfikia.