Bi Fungua Anaondoka na Mkono Wake, Macho Anatuachia

Ijumaa hii, saa kumi alasiri, saluni yetu inampoteza Bi Fungua, baada ya miaka ishirini na tisa ya kusimama nyuma ya kiti cha tatu, karibu na dirisha. Kwa kuwa miaka ishirini na miwili kati ya hiyo nimesimama nyuma ya kiti cha pili, na kwa kuwa yeye ni wifi yangu, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Walionipa walidhani nitaandika kwa upole. Haya, tuendelee.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Wapambaji wengine humwambia mteja afunge macho; yeye humwambia afungue. Wateja wake wengi wana yale macho ambayo hapa kwetu tunayaita macho ya pazia: ngozi ya chini ya nyusi inateremka hadi kufunika mahali penyewe pa kupaka rangi, hivyo mtu hata akishinda bahati nasibu anaonekana ana usingizi. Kwa hesabu yangu, kati ya kila wateja kumi wanaoingia mlango wetu, wanne wana macho hayo, na wote wanne walipita kiti changu kama wanapita ndoo ya maji, wakaenda kupanga foleni kwake. Mimi nilishajinunulia brashi zangu, moja moja, tangu nikiwa mfua taulo. Zilikuwa nzuri kuliko zake. Hazikunisaidia kitu.

Siri yake haikuwa siri; aliitangaza kwa sauti kila siku. Mteja akae wima, atazame kioo, asiinue nyusi, asijifanye ameshtuka. Hapo Bi Fungua huweka kidoa cha kahawia isiyong'aa juu kidogo ya mkunjo, pale kinapoonekana jicho likiwa wazi, ndipo anakisambaza. Wanja wake ni uzi kwenye mizizi ya kope. Unanenepa kidogo tu ukifika pembeni, kisha unapanda. Kope zinabanwa zipinde. Poda inatangulia, wanja usije ukagonga muhuri kwenye ngozi ya juu. Na vimetameta haviruhusiwi kabisa kupanda juu ya mkunjo, maana vinaifanya ngozi ionekane imevimba. Msichana wa kiti cha tano aliwahi kuvipandisha, akaambiwa pazia halihitaji taa.

Yupo mwalimu wa hesabu ambaye wanafunzi walikuwa wakipigiana kelele mbele yake, wakiamini amesinzia. Siku aliyotoka kiti cha tatu akaingia darasani, anasema palikuwa kimya kama kwenye mtihani. Tangu hapo hajakosa Jumatatu hata moja.

Sasa ile asubuhi ambayo wenzangu wamenisihi nisiiruke. Ulikuwa mwaka wa tisa wa Bi Fungua na wa pili wangu. Yeye yuko nyumbani na mafua, na bibi harusi mwenye macho ya pazia akaniangukia mimi. Nikamwambia afunge macho. Nikampaka rangi tatu zilizoingiliana bila mshono, na wanja ulionyooka kama umepigwa rula. Saluni nzima ilikuja kutazama. Kisha akafungua macho, na kila kitu kikamezwa. Nikamwambia afunge: vyote vipo. Afungue: hakuna. Afunge: hivi hapa. Mama yake alitazama mpaka mara ya nne, ndipo akauliza kwa utulivu kabisa, "Kwa hiyo mwanangu aolewe amelala?"

Bi Fungua alifika kwa pikipiki, leso puani, akafuta kazi yangu yote kwa pamba, akaianza upya na kuimaliza kabla magari ya harusi hayajapiga honi ya pili. Mama yule ametuletea binti zake wote tangu siku hiyo. Kwenye kiti cha tatu.

Hayo nilishayameza. Lisilomezeka ni hili. Macho ya pazia yaliingia nyumbani kwangu kupitia ukoo wao. Bi Fungua mwenyewe anayo, na kaka yake, ambaye ni mume wangu, anayo. Binti yangu alipozaliwa, shangazi huyu alimbeba, akamkagua usoni, akasema bila haya, "Huyu wetu." Miezi tisa nimebeba mimi. Na sasa huyo wao anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, siku nane baada ya fundi wa ukoo kuweka brashi chini.

Nimemwomba ampambe. Akasema siku hiyo yeye ni shangazi wa bibi harusi, atakaa safu ya mbele, gauni limeshashonwa. Atakayempaka ni mimi. Nikamkumbusha yule bibi harusi aliyenusurika kuolewa amelala. Akajibu kwamba amesikia. Wanaomjua wanaelewa kuwa "nimesikia" yake si ndiyo wala si hapana. Ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Kisha Jumanne iliyopita, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, alikuja akaketi kwenye kiti changu.

"Nipake," akasema.

Mashine za kukausha nywele zilizimwa ili watu waone vizuri. Nikamwambia afungue macho. Kidoa cha kwanza kilienda pembeni nikakifuta, cha pili kikakaa mahali pake. Nilipomaliza alijitazama kushoto, akajitazama kulia, akabeba mkoba wake akaenda zake sokoni, na jioni aliporudi kuchukua mwavuli alikuwa hajafuta. Kuhusu kazi yenyewe, hakusema hata neno. Tangu Jumanne sijalala vizuri, na sasa macho yangu nayo yameanza kuteremka.

Bi Fungua, wifi yangu, kwa niaba ya viti vyote vitano, asante. Umefungua macho mengi kuliko kengele za asubuhi. Tunakuombea afya, usingizi usio na foleni, na kioo chenye mwanga mzuri popote utakapoketi.

Keki inakatwa Ijumaa saa kumi kamili, na kisu ninacho mimi. Kabla hakijagusa keki nataka jibu, mbele ya watu wote: mkono wangu unamtosha binti yetu, ndiyo au hapana? Na usiniambie umesikia.