Uso wa Nta wa Baba

Sogeeni, wanangu, Vibius huku na Paula huku, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Shamba la Tuskulumu mgawane nusu kwa nusu, na wewe Vibius usimpunje dadako. Mzee anayetunza mizeituni msimfukuze. Hayo ni madogo.

Linalonichoma ni ule uso wa nta kabatini, sura ya babu yenu, baba yangu mimi, niliokuja nao hapa siku ya harusi yangu. Najua, Vibius, umeshamkodi mwigizaji auvae na kulitangulia jeneza langu, watu wamwone babu mheshimiwa wa Baraza la Roma, wakupigie kura. Sitaki!

Mwaka ule wa vita vya Kannae, adui wetu Hanibali alipolifyeka jeshi letu mchana mmoja, mdogo wangu Numerius, mjomba wenu, alitekwa. Akaja Roma na wenzake kuomba mateka wakombolewe, wakiwa wameapa kurudi kwa adui wakikataliwa. Nilimwosha miguu uani kule kwa baba nikilia, naye ananitania, "Dada, ukivimba pua hivyo nani atakuoa?" Kesho yake akasimama mbele ya Baraza, na baba yetu, baba aliyemzaa, akasema, "Askari aliyetupa silaha simjui." Wenzake wa Barazani wakaitikia. Jemadari aliyekimbia vita hivyo walimpokea langoni kwa shukrani, na mwaka uleule wakanunua maelfu ya watumwa wawape mikuki. Fedha ya watumwa ilikuwepo, ya watoto wao haikuwepo. Numerius akarudi kwa sababu aliapa. Akauzwa ng'ambo, hatukumsikia tena.

Kisha wakatufungia ndani sisi wanawake tusilie barabarani, wakatupangia hata siku ya kuacha kulia. Mama alikuwa akiuma shuka asisikike, na baba anakula chakula chake kama kawaida. Sikumsamehe, na ninakufa sijamsamehe.

Paula, nipe maji... Basi. Siku mkinitoa, uso ule uyeyusheni. Ndiyo, Vibius, usinikunjie uso, kura katafute kwa miguu yako. Nta yake mfanye mishumaa, muiwashe uani hapa, mahali petu pa kuoshea miguu. Halafu mlieni Numerius, kwa sauti, milango wazi, majirani wasikie.

Mbarikiwe, wanangu... mzae watoto, na mtoto akirudi nyumbani... mfungulieni.

Paula, usingoje mishumaa. Anza sasa, mama... nisikie akililiwa.