Kontena Amekosa Kigezo

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Babati, pembeni ya duka la dawa za mifugo. Abdulsalam anauza kahawa, sisi tunapiga maneno. Mwenye duka ni Paskasi, tunamwita Daktari. Melkiadi, mkubwa wetu kwa umri, ni Wakili, kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya mpaka wa shamba kule Mutuka na tangu siku hiyo hatujapumzika. Vicent, mtunza stoo, ndiye Kontena. Jina alijipa mwenyewe, na lilimchekesha mpaka sukari ilipopanda, magoti yakagoma na pumzi ikaanza kumkatika usingizini. Hospitali huko Arusha wakasema apasuliwe, tumbo lipunguzwe, bima ya kazini kwake ilipe. Juzi alikwenda kuchukua jibu. Leo amekuja, amekaa, hakusalimia mtu.

— Kontena, wanakupasua lini? akauliza Daktari.

— Hawanipasui.

— Bima wamesema tena ni urembo?

— Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Bingwa wa Arusha akawaandikia kwamba ni ugonjwa, wakanyamaza. Mara ya pili wakasema nipunguze kula miezi sita, chini ya mtaalamu wa lishe, ndipo watoe kibali. Nikapunguza. Si mmeniona?

Tulimwona. Kila asubuhi alitembea kutoka Nakwa akihema, fimbo mkononi. Kwenye kipaimara cha mpwa wake alitafuna matango huku sisi tukigombania mbuzi.

— Sasa? nikamuuliza.

— Sasa nimepungua.

— Hongera! akasema Abdulsalam.

— Hongera ya nini? Wana hesabu yao ya uzito na urefu. Kwa mwenye sukari kama mimi inatakiwa ifike thelathini na tano. Nilianza na thelathini na saba. Juzi wamenipima, thelathini na nne. Dada wa bima akaniambia kwa upole kabisa: "Pole baba, hujakidhi kigezo."

Wakili akaweka kikombe chini.

— Ngoja. Walikuambia upungue?

— Ndiyo.

— Ukapungua?

— Ndiyo.

— Kwa hiyo kosa lako ni kutii.

— Wakili, usinihoji kama vile bima ni mimi!

— Hapa dawa ni ndogo, akasema Daktari. Ng'ombe anayepelekwa mnadani ananyweshwa maji, kilo zinapanda pale pale. Wewe kunywa ndoo nzima, uende.

— Ndoo nzima nitaishia chooni kabla ya mizani.

— Basi vaa koti, weka mawe mifukoni, akasema Abdulsalam.

— Wanatuvua makoti.

Wakili akasimama. Tukajua mambo yameanza.

— Nyote mnashughulika na uzito. Hesabu si ina urefu ndani yake? Kontena, siku ya kupimwa kunja magoti kidogo. Ukiwa mfupi, uzito ule ule unakuwa mwingi zaidi!

— Magoti yenyewe ndiyo mabovu, Wakili.

— Vizuri! Hayo ni ushahidi. Tunadai kwamba umefupishwa na ugonjwa.

— Mimi nasema wanajua wanachofanya, akadakia Daktari. Wanamzungusha mpaka afe. Marehemu hapasuliwi.

Daktari akaangalia pembeni.

— Mnafanya mchezo, akasema Vicent, sauti imeshuka. Mke wangu halali. Anakaa kitandani ananisikiliza. Pumzi ikikatika ananitikisa, ikirudi analia kimya kimya, anadhani sisikii. Asubuhi anakwenda kufundisha watoto wa watu. Bingwa amesema hizi kilo nilizopunguza hazitoshi kuniponya. Zimetosha kuninyima kibali tu.

— Sasa bima wamekuambia ufanye nini? nikauliza.

— Nirudi nikikidhi.

— Yaani unenepe?

— Nimewauliza hivyo hivyo. Dada akasema hawezi kunishauri ninenepe, ni hatari kwa afya yangu.

Wakili akakaa.

Wakati huo mke wa Vicent, Rosemary, akatokea upande wa sokoni, kikapu mkononi, bado kitupu. Macho mekundu, uso umeoshwa vizuri.

— Shikamoo baba, akamsalimia Wakili.

— Marahaba, Mama Jesse. Karibu kahawa.

— Asante, sikai. Akamgeukia mumewe. Baba Jesse, nimezunguka soko zima nimeshindwa kununua. Nikisimama kwenye mboga naona nakufungia mlango wa hospitali. Nikisimama kwenye nyama naona nakuua mwenyewe. Leo nipike nini?

Vicent akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Wakili. Wakili akanitazama mimi, nami nikamtazama Abdulsalam, naye akainamia makaa yake akayapuliza, ingawa yalikuwa yanawaka vizuri.

— Nawauliza na ninyi, akasema Mama Jesse. Nipike nini?