Saksafoni Iliyojua Maneno

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Alonzo Grisby, mpuliza saksafoni ya tena, ile ya sauti nene, wa hapa kwetu Kansas City. Alonzo Grisby ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na moja. Wapo wanaoapa kwamba alipopuliza, mbavu za nguruwe zilijigeuza zenyewe juu ya makaa. Mimi sibishi. Nilizila.

Saksafoni yake ya kwanza ilishikiliwa na vipande vya mpira na kamba za viatu. Dada yake mkubwa, Odessa, alipiga pasi mashati ya watu huku akimsikiliza. Odessa alikuwa na sheria moja: hupulizi wimbo wa mapenzi kabla hujajua maneno yake.

"Weka chini hilo bomba," alimwambia. "Nisomee kwanza ubeti wa pili. Utamtongozaje mtu na hujui unachosema?"

Basi ikafika ile Jumatatu ya mwaka 1936. Enzi hizo, Jumatatu asubuhi wanamuziki walikuwa wakishindana ukumbini huku watu wakinywa chai. Mzee Tolliver, kiongozi wa bendi, alikuwa na kiti kimoja tu cha mpuliza saksafoni ya tena. Alonzo alikitaka. Roscoe Beal, aliyetoka Chicago, alikitaka pia.

Roscoe akaanza. Vidole vyake vilikimbia kama kuku aliyeona mwewe. Ukumbi ukasimama.

Alonzo akachagua wimbo wa polepole.

"Huyu kaja kutulaza!" mtu akapaza sauti.

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ulipoanza, Alonzo akanyamaza.

"Vipi, bwana mdogo, pumzi imekata?" Roscoe akamchokoza.

"Pumzi ipo," Alonzo akajibu. "Maneno yamenitoka."

Watu walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Mzee Tolliver alikwisha kumnyooshea Roscoe mkono ampe kiti. Odessa alikuwa kwenye meza ya karibu na jiko. Alonzo angeweza kubabaisha, na nani angejua? Sheria ya dada mtu ndiyo iliyokuwa ikimnyang'anya kiti. Odessa akainuka, uma mkononi.

"'Acha taa dirishani, mpenzi, mvua haijui njia ya kwetu!' Haya, mdogo wangu, endelea. Mayai yanapoa!"

Alonzo akafumba macho. Ikatoka sauti moja tu, nene, kisha pumzi tupu, kama mtu anayemeza kilio. Wapishi wakaacha sufuria. Wengine husema mvua ilinyesha humo ndani, chini ya bati. Nadhani yalikuwa macho ya watu, ingawa viatu vyangu vililowa kweli.

Roscoe Beal akafungasha saksafoni yake mwenyewe. "Dada," akasema, "huyu wako hapulizi. Anaongea."

Kiti kikawa cha Alonzo. Alikikalia miaka ishirini na tisa.

Mwaka jana kiharusi kilimpokonya kauli. Odessa ametusimulia: "Daktari alisema hatatamka tena. Nikamletea saksafoni. Akapuliza ule ubeti wa pili. Hakukosa neno hata moja."

Pole nyingi kwako, Bi Odessa, na kwa ukoo wote wa Grisby. Nasi tuliobaki tujiulize: haya tunayoyapigia kelele kutwa, maneno yake tunayajua?

Mazishi ni Jumamosi asubuhi. Bendi itapiga wimbo ule ule. Odessa ameomba jambo moja tu: ukifika ubeti wa pili, wapulizaji wote wanyamaze. Atausema yeye.